Hesabu ya Gredi ya 6: Mzazi Anavyoweza Kumsaidia Mtoto Nyumbani

Kila muhula wa tatu unapofunguliwa, maswali huwa yale yale katika nyumba nyingi za Machakos, kuanzia Mavoko hadi Masinga. Mtoto wa Gredi ya 6 anunuliwe kitabu gani cha marudio? Na nani atakaa naye jioni kwa hesabu? Swali la pili ndilo huwanyamazisha wazazi. Kuna walioacha shule mapema. Kuna waliofanya KCPE na wanaona mambo yote yamebadilika. Wengi huamini kwamba asiyejua njia ya mwalimu hana la kusaidia.

Ukweli ni kwamba kazi ya mzazi si kufundisha hesabu upya. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Kazi ya mzazi ni kumfanya mtoto aeleze alivyofikia jibu lake, na kumwonyesha kwamba hesabu za karatasi ni zile zile za sokoni, za kisimani na za shambani. Kazi hiyo haihitaji cheti. Inahitaji dakika 20 kwa siku, daftari kuukuu, na subira.

Mtihani wenyewe ni upi?

Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala wa umilisi, baraza la kitaifa la mitihani, KNEC, huandaa tathmini ya KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6, na tathmini ya KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9. KPSEA ilifanywa kwa mara ya kwanza Novemba 2022, na KJSEA mwaka 2025. Maswali ya hesabu katika KPSEA ni ya kuchagua jibu, nayo huandikwa kwa Kiingereza.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulijua ni kwamba KPSEA haimfungii mtoto mlango. Kila anayemaliza Gredi ya 6 huendelea hadi Gredi ya 7. Kwa hivyo hakuna sababu ya kumtisha mtoto kwamba atabaki nyumbani akichunga mbuzi.

Jambo la pili ni kwamba matokeo hayo hayatupwi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walipopangiwa shule za sekondari ya juu, KPSEA waliyoifanya miaka mitatu nyuma ilihesabiwa kwa asilimia 20, kazi za tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 kwa asilimia 20, na KJSEA kwa asilimia 60. Kinachofanywa Gredi ya 6 humfuata mtoto. Tena, asiyeelewa sehemu na desimali sasa atakutana nazo tena Gredi ya 7 zikiwa ngumu zaidi.

Silabasi ya hesabu ya Gredi ya 4 hadi ya 6 ina mada kuu kama namba, vipimo, jiometri na data. Mzazi akisikia majina hayo anaweza kuogopa. Lakini vipimo ni urefu, eneo, ujazo, uzito, muda na pesa, na hakuna nyumba isiyoshughulika na hayo kila siku.

Swali moja la kuuliza: "Umejuaje?"

Mzazi wengi akiona alama ya mkasi kwenye daftari husema, "Hii umekosa, rudia." Mtoto hurudia, hukosa tena, na mwishowe hujiita mtu asiyeweza hesabu. Njia bora ni kumwuliza umejuaje, kisha kunyamaza na kusikiliza. Makosa mengi ya watoto si ya kubahatisha. Mtoto anafuata kanuni aliyojitungia mwenyewe, na akieleza, kanuni hiyo hujitokeza.

Tazama mifano mitatu ambayo walimu huiona mara kwa mara.

Wa kwanza ni 503 kutoa 268. Mtoto anaandika 365. Ukimwuliza, atasema: tano kutoa mbili ni tatu, sita kutoa sufuri ni sita, nane kutoa tatu ni tano. Katika kila safu anatoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa, bila kujali iliyo juu na iliyo chini. Hajashindwa kutoa, hajaelewa kukopa, hasa panapokuwa na sufuri katikati. Dawa yake ni noti. Mpe "noti" za karatasi tano za shilingi 100 na sarafu tatu za shilingi moja, kisha mwambie alipe shilingi 268. Atalazimika kuvunja noti moja ya mia iwe kumi kumi, na kumi moja iwe moja moja. Baada ya kufanya hivyo mara tatu, kukopa kunakuwa na maana. Jibu ni 235.

Wa pili ni nusu kujumlisha theluthi. Mtoto anaandika mbili kwa tano, kwa sababu amejumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Hapa chapati moja yatosha. Mwulize: "Ulikuwa na nusu ya chapati, nikakuongezea theluthi. Sasa una zaidi ya nusu au chini ya nusu?" Atasema zaidi. Lakini mbili kwa tano ni chini ya nusu. Mtoto mwenyewe ataona kwamba jibu lake haliwezekani. Kisha chapati igawanywe vipande sita: nusu ni vipande vitatu, theluthi ni vipande viwili, jumla tano kwa sita.

Wa tatu ni kulinganisha 0.35 na 0.5. Mtoto anasema 0.35 ni kubwa, kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 5. Geuza ziwe lita za maziwa: lita 0.5 ni mililita 500, na lita 0.35 ni mililita 350. Anayetumwa dukani kununua maziwa anajua pakiti iliyo kubwa.

Katika mifano yote mitatu, mzazi hakuhitaji kujua kanuni ya kitabuni. Alihitaji kusikiliza, kisha kuleta kitu ambacho mtoto anakijua.

Saa ya nyumbani na saa ya karatasi

Maswali ya muda huwapa shida watoto wa Ukambani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nyumbani husemwa saa moja asubuhi, na kwenye karatasi saa hiyo hiyo huandikwa 7:00. Tofauti ni saa sita. Mtoto anayeijua vizuri saa ya nyumbani anaweza kuandika jibu lisilo sahihi kwa kuchanganya tu. Zoezi lake ni rahisi: kwa wiki moja, kila anaposema saa, aiseme kwa njia zote mbili.

Sababu ya pili ni ngumu kidogo. Tuseme swali linasema matatu iliondoka Matuu saa 7:45 asubuhi ikafika Nairobi saa 10:10. Safari ilichukua muda gani? Mazungumzo haya kati ya mtoto na bibi yake yanaonyesha msaada unavyoweza kutolewa na mtu ambaye hakusoma hesabu hizo:

"Susu, nimepata saa 2 na dakika 65."

"Umejuaje?"

"Nimetoa 745 kutoka kwa 1010."

"Haya. Na saa moja ina dakika ngapi?"

"Sitini."

"Sasa hizo 65 zimetoka wapi?"

Mtoto amekopa mia badala ya sitini, kwa sababu ameisoma saa kama namba ya kawaida. Bibi hakumpa jibu. Alimrudisha kwa jambo ambalo mtoto alilijua tayari. Njia salama ni kutembea na saa: kutoka 7:45 hadi 8:00 ni dakika 15, kutoka 8:00 hadi 10:00 ni saa 2, kutoka 10:00 hadi 10:10 ni dakika 10. Jumla ni saa 2 na dakika 25.

Mazoezi kutoka sokoni, kisimani na shambani

Bei zilizo hapa ni za mfano. Mzazi aweke bei halisi ya soko lake, iwe ni Tala, Masii, Wamunyu au Kithimani.

Ndengu. Mfanyabiashara ananunua gunia la kilo 90 la ndengu kwa shilingi 9,000. Anaziuza kwa gorogoro la kilo 2, kila moja shilingi 240. Gunia lina gorogoro ngapi? Ni 45. Atapata pesa ngapi? Ni 10,800. Faida ni 1,800, ambayo ni asilimia 20 ya alichotumia kununua. Sasa ongeza kwamba alilipa shilingi 300 kusafirisha gunia hilo. Faida inashuka hadi 1,500. Katika zoezi moja mtoto amegawanya, amezidisha, ametoa, na amepata asilimia. Maswali ya mtihani yenye hatua mbili au tatu hufuata mtindo huu, na watoto wengi hukosa kwa kuishia hatua ya kwanza. Mzoeshe mtoto kurudi kwenye swali na kuuliza: "Nimejibu kilichoulizwa?"

Maji. Punda hubeba mitungi minne ya lita 20 kwa safari moja. Hizo ni lita 80. Tangi la nyumbani ni la lita 1,000. Zinahitajika safari ngapi kulijaza? Ukigawanya unapata 12.5. Lakini punda hawezi kwenda nusu safari. Jibu ni 13. Mtoto aliyeteka maji anaelewa hili mara moja, ilhali aliyekariri kugawanya tu atachagua 12 au 12.5, na majibu hayo mawili yanaweza kuwa miongoni mwa yale anayopewa kuchagua.

Maji hayo hayo yanafundisha data. Kwa wiki moja, mtoto aandike kila jioni idadi ya mitungi iliyotumika nyumbani. Tuseme amepata 3, 4, 3, 5, 2, 6 na 5. Jumla ni mitungi 28, yaani lita 560. Achore grafu ya nguzo, kila siku na nguzo yake. Kisha aulizwe: siku gani maji mengi zaidi yalitumika, na kwa nini? Huenda ni Jumamosi, siku ya kufua. Mtoto aliyejichorea grafu yake haogopi grafu ya mtihani.

Shamba. Kipande cha shamba kina urefu wa mita 24 na upana wa mita 18. Ua wa kulizunguka utakuwa mita ngapi? Ni 84. Eneo la kupanda ni mita mraba ngapi? Ni 432. Watoto huchanganya mzingo na eneo kwa sababu wamekariri kanuni mbili bila kujua kazi yake. Mtoto atembee kwenye mpaka na kusema, "hapa ni ua." Kisha aingie ndani na kusema, "hapa ni mahindi." Halafu aulizwe: tukiweka nguzo kila baada ya mita 2, zitahitajika ngapi? Wengi husema 43, wakiongeza moja ya mwisho. Aichore. Ataona kwamba shamba likizungukwa lote, nguzo ya mwisho ndiyo ile ya kwanza. Ni 42.

Lugha ya swali

Kuna watoto wanaojua hesabu lakini hawaelewi swali. Kuanzia Gredi ya 4 hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anayezungumza Kikamba au Kiswahili nyumbani anaweza kukwama kwenye neno moja tu. Hapa pia mzazi ana nafasi. Mtoto asome swali kwa Kiingereza, afunge karatasi, kisha alisimulie kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa kulisimulia, hajalielewa, hata kama tayari ameanza kujumlisha.

Neno la "zaidi" ndilo mtego mkubwa. Watoto wengi wakiliona hujumlisha. Lakini swali linalouliza mmoja ana mbuzi wangapi zaidi ya mwenzake ni la kutoa. Mtoto atenge kurasa mbili za daftari kwa maneno ya hesabu: upande mmoja neno la Kiingereza la darasani, upande wa pili neno la nyumbani. Aanze na jumla, tofauti, salio, mara ngapi, na kila mmoja.

Lugha ya nyumbani si kikwazo. Kwa namba, wakati mwingine ni msaada. Kwa Kiingereza, 13 na 30 hutamkwa kwa sauti zinazokaribiana, na wadogo huzichanganya. Kwa Kikamba, 30 ni miongo itatu, yaani makumi matatu, na kwa Kiswahili 13 ni kumi na tatu. Lugha zenyewe zinaonyesha nafasi ya kila tarakimu. Mtoto anayetatizika na nafasi za tarakimu azitamke kwanza kwa lugha hizo.

Ratiba ya wiki

Dakika 20 kila siku huzaa zaidi ya saa tatu za Jumapili usiku. Mfano wa ratiba:

Jumatatu: maswali matano kutoka daftari la shule, hasa yaliyokosewa. Mtoto aeleze kosa lilikuwa wapi.

Jumanne: majedwali ya kuzidisha kwa mdomo, wakati wa kuosha vyombo au kuchambua mboga. Mkazo uwe kwa 6, 7, 8 na 9.

Jumatano: swali moja la hadithi, lisimuliwe kwa lugha ya nyumbani kabla ya kufanywa.

Alhamisi: vipimo na saa. Mtoto apime kitu halisi kwa rula, futi ya fundi au mtungi.

Ijumaa: mtoto amtungie mzazi swali, na mzazi alijibu. Mzazi akikosa, mtoto amsahihishe. Kutunga swali ni kipimo kizuri cha kuelewa.

Jumamosi: sokoni au dukani. Mtoto akadirie jumla kabla ya muuzaji kusema, na ahesabu chenji.

Jumapili: mapumziko.

Makadirio hayo ya Jumamosi ni silaha ya mtihani wa kuchagua jibu. Mtoto akiulizwa 49 mara 21, ajue kwamba ni karibu 50 mara 20, yaani 1,000. Majibu ya 129 na 10,029 yanaondoka kabla hajaandika chochote. Jibu ni 1,029.

Pesa zisipotee bure

Mzazi asiyekuwa na pesa za vitabu vya ziada hajashindwa. Daftari la mtoto lenye makosa yake ni kitabu kizuri cha marudio, kwa sababu kinaonyesha pale hasa pa kurekebisha. KNEC huweka sampuli za maswali kwenye tovuti yake, na mwalimu wa darasa anaweza kuombwa nakala. Vitabu vya kiada vilivyoidhinishwa na taasisi ya mitaala, KICD, hutolewa shuleni bila malipo. Mzazi aulize kama mtoto anaruhusiwa kuja navyo nyumbani.

Karatasi za zamani za KCPE zitumiwe kwa uangalifu. Zilitungwa kwa Darasa la Nane, na mtoto wa Gredi ya 6 akikwama humo anaweza kudhani yuko nyuma ilhali hayuko. Vilevile, kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Mzazi asilazimishwe kuyalipia.

Fimbo pia haifundishi kugawanya. Mtoto anayeogopa huficha makosa yake, na makosa yaliyofichwa hayasahihishwi.

Wadogo zao wa chekechea

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya shule ya msingi iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, na elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Hata hivyo hesabu ya Gredi ya 6 huanzia chekechea. Mdogo akiwa mezani na kakake au dadake, ahesabu maharagwe, ayapange kumi kumi, na aseme fungu lipi ni kubwa. Mkubwa akimfundisha mdogo, wote wawili wanajifunza.

Wiki ya mtihani

Wiki ya mwisho si ya mada mpya. Ni ya kupitia daftari la makosa, kulala mapema, na kuandaa penseli, kifutio na rula. Asubuhi ya mtihani mtoto ale uji au chai na kitu cha kushika tumbo. Akumbushwe mambo matatu: asome swali lote, akikwama, aliwekee alama na kusonga mbele, na akimaliza, arudi kwa yale aliyoruka, asiache swali bila jibu.

Akirudi nyumbani, asiulizwe kwanza "Umepata ngapi?" Aulizwe swali lipi lilimfurahisha na lipi lilimsumbua. Lililomsumbua liandikwe daftarini usiku huo huo. Gredi ya 7 iko mbele, na hapo ndipo atakapoanzia.

Mzazi mwenye swali kuhusu maendeleo ya mtoto amwone mwalimu wa darasa au mwalimu mkuu kabla muhula haujafika katikati, akiwa amebeba daftari la hesabu la mtoto.